Nyumba Kumi na Nane za Orrin Tarbox

Jumapili, 1 Septemba 1974

— na masikio yake. Sikumaliza habari ya masikio yake jana, maana Emil mwenyewe aliingia chumbani nikafunika daftari haraka. Basi: yanakuwa mekundu akifurahi. Hajui, na mimi simwambii, nisije nikamtia haya yakaacha. Wiki kumi na moja za ndoa, na bado nakaa mezani nayaangalia kama mtu anayengoja maji yachemke.

Leo yaliwaka saa nzima. Mvua tangu tutoke kanisani, hakuna pa kwenda. Akaleta yale makasha matatu ya viatu na kunipangia kadi zake juu ya kitanda chetu, safu kwa safu, mpaka tukabaki na sakafu tu ya kukalia. Picha za wachezaji wa besiboli, za mwaka 1933, kila moja ndogo kuliko kiganja changu. Enzi zile mtoto alinunua chingamu kwa senti moja akapewa picha ya mchezaji bure. Mbele picha ya rangi, kofia, shati, anga ya buluu kuliko anga yoyote ya hapa kwetu. Nyuma maneno machache: kazaliwa wapi, urefu, uzito, kashinda michezo mingapi.

Wake wengine husomewa mashairi. Mimi nasomewa migongo ya kadi, na sibadilishani na mtu!

Kinachoniyeyusha ni kwamba Emil anajua na kilichofuata. Ananyanyua moja: huyu aliishia kuuza viatu. Nyingine: huyu goti lilimtoka Agosti ileile, hakucheza tena. Anasema kadi ni siku moja tu. Mtu kasimama mbele ya kamera, katabasamu, hajui kwamba ndiyo basi. Nikamuuliza, na picha yetu ya harusi je? Akanitupia soksi.

Ya mwisho aliishika kwa ncha za vidole. Orrin Tarbox, mrushaji. Uso mrefu, macho yamefumba nusu kwa jua, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Mwaka 1929 alishinda michezo kumi na minne, kisha bega likaanza kumsumbua. Kiangazi cha 1931 timu yake ilimshusha huku milimani kwetu, kwenye ligi ndogo ya miji ya migodi ya makaa, apumzishe bega kwa wiki sita. Na katika wiki hizo sita aliyechuchumaa mbele yake na kudaka mipira yake alikuwa Stefan Hudock, baba yake Emil.

Hivyo alivyosema Baba Stefan maisha yake yote. Hakuna aliyemwamini. Magazeti ya wakati ule yalikuwa maktaba, na mafuriko ya mwaka juzi yakayafanya uji. Baba Stefan alikufa mwaka wa sabini, mapafu yamejaa makaa. Na siku ya harusi yetu mdogo wake, Baba Mdogo Metod, alisimama na glasi mbele ya ukumbi mzima akasema: "Kaka yangu aliwapelekea maji, wakamwambia ahsante, akarudi nyumbani anajiita mdakaji." Watu walicheka. Mama mkwe akainamia sahani yake. Emil alinishika mkono chini ya meza mpaka pete ikaniacha alama.

Leo akasema, nataka mtu mmoja tu aseme ndiyo. Mmoja aliyekuwepo.

Jumanne, 3 Septemba

Tumemwandikia! Miaka mitano Emil ana anwani na hakuthubutu. Mimi nimemsukuma. Nimesema mzee ana miaka karibu sabini, unangoja nini.

Wakusanyaji wana desturi yao. Unatuma kadi yenyewe, imebanwa kati ya vipande viwili vya kartoni isikunjike, na bahasha ya pili yenye anwani yako na stempu, ili mzee asigharamike. Anasaini, anarudisha. Kuna orodha inazunguka baina yao, imepigwa kopi mpaka herufi zimefifia, ya kila mchezaji wa zamani na mahali anapoishi. Mbele ya jina mtu ameandika "hujibu", au "hajibu", au "marehemu". Mbele ya Tarbox, Mercer's Fork, Ohio: "Hujibu. Siku nane, hakosi."

Emil aliandika swali lake mara sita. Ya saba ndiyo ilikwenda. Mpendwa Mzee Tarbox, je, unamkumbuka Stefan Hudock, mdakaji, kiangazi cha 1931? Mwandiko wake ni kama yeye: mpana, unaegemea mbele, na ile T ndefu inayofunika maneno ya jirani kama mwavuli. Nilibusu bahasha kabla ya kuitumbukiza. Karani wa posta aliona. Shauri yake.

Ijumaa, 13 Septemba

Imerudi. Siku nane barabara ukiondoa Jumamosi na Jumapili.

Saini ipo, wino mweusi, chini ya kifua. Inatetemeka vibaya. Emil aliileta dirishani, akaigeuzageuza. "Tazama anavyotetemeka, masikini. Hii ndiyo ya kweli yenyewe. Mtu wa kughushi huandika vizuri." Wote wanasema hivyo, wakusanyaji. Wanaamini mtetemo kuliko hati ya kiapo.

Lakini jibu la swali, hakuna. Hata mstari mmoja. Emil alisema haidhuru, akaenda kuosha mikono, na maji yakaendelea kutiririka muda mrefu.

Sikulala mchana kama nilivyokusudia. Niliitazama kadi. Yale macho yaliyofumba nusu, naapa, asubuhi yalikuwa hayajafumba kiasi kile. Upuuzi. Ni mwanga.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimefanya jambo. Nimemwandikia mke wake. Mwanamke kwa mwanamke. Mgongo wa bahasha ulikuwa na jina lake, I. Tarbox. Nimemwambia mimi ni bibi harusi wa miezi mitatu na nampenda mume wangu kupita kiasi, nimemwambia habari ya harusi na ile glasi ya Metod, nimeomba amuulize mzee siku akiwa na nafasi. Emil hajui. Nitamshtukiza.

Jumatatu, 23 Septemba

Naandika nimesimama, siwezi kukaa!

Barua imekuja. Imeandikwa na mzee mwenyewe, mtetemo uleule. Namkumbuka Stefan Hudock. Mdakaji wangu wa wiki sita. Mikono mizuri. Kabla ya kila mchezo alichovya kidole kwenye chumvi aliyoifunga katika leso, akachora msalaba ndani ya glavu yake, kisha akanitazama nisimcheke. Sikumcheka. O. Tarbox.

Nilimngoja Emil mlangoni na ile barua nyuma ya mgongo. Alisoma. Akasoma tena. Akaketi kwenye ngazi na nguo zake za gereji, akalia kama mtoto, na mimi nikalia juu yake, na jirani akatoka kutazama nani amekufa.

Tukaenda mbio kwa Mama mkwe. Alikuwa anakunja nyama ndani ya majani ya kabichi. Emil akamsomea kwa sauti. Alipofika kwenye chumvi, Mama mkwe akaacha jani lililokuwa mkononi likafunguka.

Nani kawaambia hilo?

Tarbox, Mama. Ameandika.

Akasema yeye alikuwa mtu pekee aliyejua. Alikuwa akiifunga chumvi ile mwenyewe, binti wa miaka kumi na saba, kabla hata hawajaoana. Walificha kwa sababu padri angesema ni uchawi. "Stefan aliniapisha. Hakumwonyesha mtu. Aligeukia ukuta."

Kisha akakunja kabichi zake zote zilizobaki, na zilikuwa nyingi.

Jumapili, 29 Septemba

Chakula kwa Mama mkwe. Baba Mdogo Metod alikuja na mkanda mpya na habari za gari lake jipya. Emil alingoja mpaka amejaza mdomo, akaiweka barua kando ya sahani yake.

Metod alisoma taratibu, kidole chini ya maneno. Tulimngoja.

"Karatasi," akasema. "Karatasi haina uso. Hata mimi naweza kuandika kwamba nililala na malkia."

"Metod," akasema Mama mkwe. "Ni Jumapili."

"Nasema tu, shemeji. Mzee yu hai, siyo? Ohio si mwezini. Nitaendesha mimi. Twende tukamsikie kwa mdomo wake. Akisema ndiyo machoni mwangu, nitasimama katika ukumbi uleule, na glasi ileile, niseme nilikuwa mjinga miaka arobaini. Akisema siyo, Emil, hutataja tena habari hii mezani pangu wala pa mtu."

Emil akasema sawa. Masikio meupe pe.

Nampenda hivi kwamba ningeweza kumbeba mgongoni mpaka Ohio.

Jumatano, 2 Oktoba

Nataka kuandika jambo hili kwa utaratibu.

Leo zamu ya asubuhi, kituo cha simu ninakofanya kazi. Simu chache. Nikasema ngoja niitafute nyumba ya Tarbox, niulize Jumapili ipi inawafaa. Nikachomeka waya, nikapata kituo cha Mercer's Fork. Opereta wa kule anaitwa Opal, sauti nene, tulishaunganisha watu pamoja mara mbili tatu.

Dada, nipe nyumba ya Orrin Tarbox.

Akacheka. "Orrin? Basi uwe na waya mrefu, shoga. Orrin tulimzika Februari ya sitini na nane."

Nikasema labda ni mwingine. Akasema Orrin walikuwa naye mmoja tu, yule mcheza besiboli. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma, wakachoma matairi juu ya kaburi siku mbili mchana na usiku ndipo sururu iingie. "Matairi alileta mume wangu. Moshi uliingia nguo za mji mzima. Lakini Bi Idabelle yupo, mzima wa afya. Nikuunganishe?"

Nikachomoa waya.

Miaka sita. Emil ana saini ya nani basi? Ile barua ni ya nani?

Alhamisi, 3 Oktoba

Sijamwambia. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya pili alikuwa anaiweka barua kwenye fremu aliyoitengeneza mwenyewe kwa mbao za kitanda cha baba yake.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimempigia. Mapumziko ya saa sita, kwenye meza ya pembeni, wenzangu wako nje na mikate yao.

Simu ililia mara moja tu.

"Wewe ni yule bibi harusi wa Emil."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema hakuna anayempigia simu. Watu huandika, na hawamwandikii yeye. Sauti laini, ya mtu anayezungumza huku anamenya kitu. Nikasema, Mama, nimesikia habari ya mzee. Nimesikia kwamba — sikuweza kumaliza.

"Opal," akasema. "Yule, mdomo wake hata ukitiwa gundi haufungi. Ngoja kidogo, mwanangu."

Akafunika simu kwa kiganja, lakini si sawasawa. Nilisikia akisema, "Orrin, ni yule msichana wa Pennsylvania."

Halafu nikasikia kiti.

Mimi kazi yangu ni kusikiliza. Najua mlio wa waya uliolowa, najua upepo kwenye nguzo, najua mtu anayehema kwenye laini ya jirani. Hiki kilikuwa kiti cha kupembea, juu ya mbao. Kikaenda, kikarudi. Kikaenda, kikarudi. Kikasimama. Na yeye alikuwa amesimama kando ya simu, maana bado nilikuwa nasikia pumzi zake karibu yangu.

"Anasema hujambo," akaniambia.

Nikasema sijambo. Ndivyo nilivyosema! Nini kingine mtu aseme?

Akanieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kama anavyoeleza mtu namna ya kuweka matunda kwenye chupa. Mikono ya mzee ilianza kutetemeka miaka miwili kabla, na barua zilikuwa zinakuja, nne, tano kwa wiki. Kadi, bahasha, stempu ya watu imeshalipiwa. Akawa anamsainia mezani, na mzee amekaa kando anatazama. Wiki ya mazishi zikaja sita. Afanye nini? Aandike mara sita kwamba amekufa? Kila mmoja wa wale vijana aliandika Mpendwa Mzee Tarbox, natumaini u mzima. Akasaini. Juma lililofuata akasaini.

"Nilichelewa kujifunza, binti. Alikuwa ameshaanza kutetemeka, nikajifunza mtetemo badala ya mkono. Ndiyo maana mnazozipata zote zinatetemeka. Mkono wake wa ujana ulikuwa mzuri. Huo sinao tena."

Nikamuuliza habari ya chumvi. Je, ulikuwepo, Mama, kiangazi kile? Mzee alikusimulia?

Sijawahi kuvuka mto kuja upande wenu, akasema. Na Orrin hakuwa msimuliaji, alipokuwa vile. Siku barua yako ilipofika nilimsomea, kama ninavyomsomea zote. Asubuhi yake akaniambia.

Nikasema, asubuhi yake ipi?

"Ya Alhamisi," akasema.

Nilitaka kukata. Sikukata. Akaniuliza, mumeo anajua? Nikasema hapana. Akashusha pumzi kama mtu aliyevuliwa viatu. "Basi vizuri. Kuna nyumba kumi na saba ambazo huandika kila mwaka, na katika kila moja Orrin bado yu hai. Yenu ya kumi na nane. Usinipunguzie nyumba, mwanangu."

Nilimwambia Metod anataka kuja amsikie mzee mwenyewe, kisha wenzangu wakarudi, mmoja akaniuliza kwa nini nimevaa koti ndani.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Nikimwambia Emil, barua ile inakuwa karatasi ya mwanamke mzee, Metod anashinda, na Baba Stefan anakuwa mbeba ndoo mpaka mwisho wa dunia. Nisipomwambia, nina siri kitandani na mume wa miezi minne. Nilikuwa nimeapa hatutakuwa na hata moja. Niliapa kanisani, kimyakimya, juu ya viapo vile vingine.

Lakini chumvi ni kweli. Hilo ndilo silimalizi. Chumvi ni kweli.

Ijumaa, 11 Oktoba

Barua ya Bi Idabelle, kwangu, kwa jina langu. Kwa mwandiko wake mwenyewe, ambao ni mdogo na umesimama wima, haufanani kabisa na ule mwingine.

Anasema ameipenda sauti yangu. Anasema mke ajifunze mkono wa mumewe mapema, angali na nguvu, asifanye kosa lake. Nichukue ukurasa mmoja wa Emil, niuweke juu chini. Niandike jina lake kama mtu anayechora, si kama anayeandika. Mara hamsini asubuhi. Nisifikiri. Nifikirie namna anavyoshika uma. "Siku moja mkono utaandika wenyewe, na hapo ndipo utakapojua huwezi kubaki peke yako tena."

Na anasema tuje. Tuje na huyo baba mdogo wa Emil, wala nisiogope. Orrin hukaa barazani Jumapili saa tisa, kukiwa na jua. Haongei na kila mtu, lakini mtu aliyekuja na shaka huwa anaongea naye. Ila jibu lije kwa mkono wa mume wangu. Orrin hapendi kualikwa na wanawake.

Niliicheka. Niliikunja nikaitia kwenye pipa la unga.

Kisha Emil akaenda kazini, na nikachukua orodha yake ya sokoni iliyokuwa juu ya friji nikaigeuza juu chini. Kujaribu tu.

Jumanne, 15 Oktoba

Siku nne. Jina lake ni la kupendeza sana ukiliandika kinyume! Ile E ni kama anavyofungua mlango kwa bega mikono ikiwa imejaa. Ile k ya mwisho ni goti lake anapokaa. Nimemjua katika siku nne kuliko katika mwaka wote wa uchumba. Nikiandika nahisi joto lake kwenye kifundo cha mkono, kama vile ananishika kutoka nyuma kunifundisha.

Leo niliacha karatasi mezani kwa bahati mbaya. Viazi, sabuni, betri za tochi. Emil aliitazama huku anakula.

Akasema hakumbuki kuandika habari ya betri.

Nikasema umechoka, mpenzi.

Akasema ndiyo, labda. Akaitazama tena. Akaigeuza kuona nyuma. Halafu akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, akasogeza kiti chake — si mbali. Upana wa kidole.

Alhamisi, 17 Oktoba

Emil hataki kwenda Ohio.

Alisema katika giza la asubuhi, akifunga viatu, hakunitazama. Ameota mara tatu. Ndoto yenyewe si mbaya: anapanda ngazi za baraza, mzee amekaa na kofia ya kwenye kadi, anamnyooshea mkono amsalimie, na mkono wa mzee una pete ya kike. Basi, hiyo tu. Barua inatosha, akasema. Metod aseme atakalo. Baba alijua alichokidaka.

Nilimshika uso. Nilimwambia ni woga wa kumsikia mzee akisema siyo. Akasema labda. Akasema, lakini hata akisema ndiyo, sitaki kuwa karibu naye akilisema.

Angejua! Au anajua? Mtu anaweza kujua kwa ngozi.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia yote pale pale. Kamba moja ya kiatu imefungwa, moja bado. Nikamfunga ile ya pili.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku nzuri kupita zote za vuli, majani mekundu mpaka juu ya kilima cha vumbi la makaa. Emil yuko uani anaosha gari. Amefungulia redio, anaimba vibaya, Mungu wangu jinsi anavyoimba vibaya. Mgongo wake umelowa. Namwona kutoka hapa mezani.

Saa nne aliniletea karatasi na kalamu. Hawezi kuandika mwenyewe, alijaribu akachana tatu. "Waandikie wewe kwamba hatuji. Kwa adabu. Sema kazi. Mwambie mzee namshukuru kwa yote." Akanibusu utosini. Sabuni na petroli.

Nikaketi kuandika kwamba hatuji.

Nataka kusema kweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna msomaji. Baba Stefan alikufa na miaka hamsini na minane. Baba yake, arobaini na sita. Ndugu zake wawili walifukiwa mgodini chini ya kilima kile kile na hawakutolewa. Wanaume wa nyumba hii hawazeeki, na wajane wao hukaa jikoni wanakunja kabichi, hawana hata kiti kinachosogea. Mama mkwe hajui hata sauti ya mumewe ilikuwaje, aliniambia mwenyewe. Imemtoka.

Na kule Ohio kuna mwanamke amekaa na mume wake miaka sita baada ya matairi. Sitaki kujua kama ni kweli. Nilisikia kiti. Nataka kujua inafanywaje.

Metod anataka kumsikia kwa mdomo wake. Basi amsikie. Jina la Baba Stefan litasafishwa siku hiyohiyo, barazani, na Emil atakuwa amesimama pale — hata kama kwanza ataniuliza kwa nini tumekuja.

Nilipoweka kalamu kwenye karatasi sikufikiri. Nilifikiria anavyoshika uma.

Barua imekuja yote mara moja, bila kosa, kwa mwandiko wa Emil, mpana, unaegemea mbele, ile T kama mwavuli. Sikuwahi kuona mkono wangu ukienda kasi vile. Hautetemeki hata kidogo.

Sasa hivi ameniuliza kutoka uani, juu ya redio, kama nimeshawaandikia. Nimemjibu ndiyo, nimewaandikia. Akasema ahsante, kipenzi. Nanakili hapa kabla ya kufunga bahasha, ili nisije nikasahau nimeahidi nini kwa niaba yake:

"Mpendwa Mzee Tarbox, natumaini u mzima. Mimi na mke wangu tumepata mwaliko wenu, na baba yangu mdogo ndiye atakayeendesha. Ana swali moja la kukuuliza kuhusu marehemu baba yangu, nami nitashukuru ukimjibu wewe mwenyewe. Tungoje barazani Jumapili, saa tisa. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha. Wako, Emil Hudock."